Kopo Lenye Jina Langu

Mkojo uliokuwamo ndani ya lile kopo haukuwa wangu. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na mengine nitazunguka, na mie kwa kuzunguka najijua. Jina lilikuwa langu, Riziki, Form Two B, limeandikwa kwa makapeni nyeusi, na kifuniko nilikikaza kwa mkono wangu. Lakini kilichokuwamo kilikuwa cha Mkasi, rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja.

Haya niliyaandika vipande vipande kwenye daftari langu, mengine nikiwa kwenye benchi la hospitali, mengine nyumbani. Bi Zuleikha ndiye aliyeniambia niyaunganishe. "Yuko mtoto," alisema, "ambaye hataniambia mimi, hatamwambia mama yake, lakini atasoma." Basi kama ni wewe, soma. Sikujui, na kwa kuwa sikujui ndiyo maana naweza kukwambia.

Kijiji chetu sikitaji. Kiko ndani, mbali na pwani, kwenye njia ya kwendea Tumbe. Samaki wanatufikia na baiskeli, macho yameshawalegea. Barabara mpya ilipoanza ilikuwa kiangazi. Katapila zikachimba kifusi kwenye konde lililo nyuma ya skuli yetu, wakachukua udongo mwekundu wote, wakatuachia shimo kubwa kuliko kiwanja cha mpira. Masika yakalijaza. Wavulana wakalipa jina: Bichi.

Baba yangu alipata kazi hapo hapo barabarani. Alikuwa anashika bendera mbili, nyekundu ya kusimamisha magari na kijani ya kuyaachia. Akirudi, anazikunja vizuri anaziweka juu ya kabati, kama mtu anavyoweka msahafu. Tulikuwa na furaha, sitasema uongo.

Halafu katapila likakata bomba la maji. Mfereji wetu ukawa unatoa upepo tu, ukiufungua unapiga mluzi. Wakasema bomba litarudishwa tabaka la pili la barabara likishalala. Wanaume walikuwa na kisima cha msikitini. Sisi wa kike tukabaki na Bichi, asubuhi kabla wavulana hawajafika. Tulichota, tulifua, tuliosha masufuria, maji yametufika magotini, kanga tumezifunga juu. Na nakiri kwamba ilikuwa raha. Pale ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu aliyetwambia tupunguze sauti. Hata mie, ambaye darasani nikiitwa naangalia chini mpaka mwalimu anachoka, pale nilikuwa naimba.

Nikitoka majini miguu ilikuwa inaniwasha. Tukasema ni magugu.

Kipupwe kizima kilipita hivyo. Ilipoingia vuli, siku moja nikaona damu. Haikuwa mwanzo, ilikuwa mwisho, matone matatu manne baada ya mkojo, na maumivu kama mtu amekubana kwa koleo. Sikumwambia mtu. Nilijiambia ni siku zangu, maana zilikuwa bado hazijakaa sawa, mwezi huu zinakuja mwezi ule haziji. Nikaacha kuswali, kama tunavyofanya.

Nyumbani kwetu tunaswali kwenye mkeka mmoja, Mama, mie na mdogo wangu Hidaya, ambaye ana miaka tisa. Mkeka ukitandikwa, asiyekuwepo anajulikana. Mama akauliza, "Huswali?" Nikajibu, "Siswali." Basi. Baada ya jibu hilo msichana haulizwi tena, si kwetu, si nyumba yoyote ninayoijua. Nikaona nimepata pazia. Damu ilikuja, ikapotea siku mbili, ikarudi, na mie kila ikirudi najifunika na neno lile lile.

Bi Zuleikha ni afisa wa afya wa wilaya. Ni mfupi, anavaa buti za mpira chini ya buibui, anakuja na vespa yake. Wiki hiyo hiyo tulimwona dirishani anazunguka ukingo wa Bichi, ameshika koleo dogo, anaokota konokono na kuwatia ndani ya chupa. Walikuwa wadogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Darasa zima likacheka. Halafu akaja injinia wa barabara, wakasimama barazani kwetu, karibu na dirisha langu, na nikasikia yote.

"Injinia, shimo hili lizibwe. Na bomba lirudi. Mvua za vuli hazijaja zote."

"Bi Zuleikha, konokono wako Pemba nzima. Nizibe Pemba?"

"Ziba ulichochimba."

Walimu waliokuwapo wakacheka, na injinia naye akacheka. Hakuwa mtu mbaya, ndiye aliyetuletea mbao za kutengenezea madawati. Akasema, "Nipatie mgonjwa. Lakini mgonjwa wa hapa, si wa mtoni. Mabosi wangu hawali konokono, Bi Zuleikha, wanakula karatasi."

"Wavulana wanaoga kila mto, hao hawatakutosha. Wasichana hawana pa kwenda ila hapa. Mwaka jana nimewapima, wote safi. Nitawapima hao hao."

"Ukinipatia mmoja, mmoja tu, malori yatakuwa hapa kesho yake."

Mmoja tu. Nililisikia neno lile nikiwa nimebana miguu chini ya dawati, nasubiri kengele ili nikimbilie chooni.

Siku ya kupimwa tuliitwa kwa majina mstarini, mbele ya skuli nzima. Tulikuwa sita. Makopo yamepangwa barazani juu ya meza, juani, kila moja na jina lake, na mwalimu wetu wa hesabu amesimama na daftari kuweka alama. Wavulana walijaa madirishani. Mmoja akapiga kelele, "Leteni juisi!" Skuli nzima ikaangua kicheko. Nilichukua kopo langu, nikahisi masikio yananiungua. Nilijua rangi itakayotoka. Nilijiona narudi nalo mkononi, napita mbele ya madirisha yale.

Mkasi hakuwemo katika sita, kwao wana kisima. Yeye alipewa kazi ya kukaa karibu na vyoo kutushikia mikoba. Nilipofika nilimkuta na jagi la maji, anakunywa.

"Mkasi, nijazie."

"N'kujazie n'ni?"

Nikamwonesha kopo.

"Weye nawe una wazimu? Mkojo mtu huombwa?"

"Umekataa kutoka."

"Kunywa maji."

"Mkasi, tafadhali. Wamekaa madirishani wale."

Akaweka jagi chini, akafuta mdomo. "Lete. Lakini siku ya kiama ukiulizwa, usinitaje jina."

Nikamwapisha asimwambie mtu, akaapa, tukacheka. Hilo ndilo linaloniumiza nikikumbuka, kwamba tulicheka.

Majibu yalisomwa barazani pale pale. Bi Zuleikha alisoma mwenyewe, jina kwa jina, na baada ya kila jina akasema, "Hakuna." Sita. Injinia akasema, "Alhamdulillah. Si habari njema hiyo?"

"Habari njema," Bi Zuleikha akasema. Akaikunja ile karatasi mara mbili, mara nne, mpaka ikawa ndogo kama stempu. Halafu akatugeukia sisi sita. Hakuwa na hasira. Alitutazama kama mtu anavyotazama sufuria ambalo kwa muda uliopita lilipaswa liwe limeshachemka.

"Basi, tutaliziba mwisho wa mradi," injinia akasema. Na bomba likangoja huo huo mwisho wa mradi.

Jioni Baba alikuja mchangamfu. "Yamekwisha yale maneno ya konokono," akasema. "Watu wafanye kazi." Mama akamtilia chai. Mie niliinama.

Tangu hapo mambo yakawa yanapungua. Nilipungua mie mwenyewe. Sare ya skuli ikawa inacheza mwilini, viganja vikawa vyeupe kama vya mtu aliyefua kutwa. Mwalimu akachoka kunipa ruhusa ya kwenda nje, nikahamia kiti cha karibu na mlango. Safari ya skuli, ambayo ni fupi, nikaigawa kwa vituo: mpaka kwenye mkarafuu wa kwanza, pumzika, mpaka kwenye duka, pumzika. Ndoo sikuweza tena.

Hidaya akaichukua.

"Dada anaumwa, mie ndio mkubwa sasa," alisema, akaondoka na ndoo yake ndogo ya kijani. Nilikaa barazani nikamtazama anavyokwenda, kisogo chake na ile ndoo. Jina la ugonjwa sikuwa nalijua kwa hakika, lakini miguu yangu ilijua, tumbo langu lilijua. Nilimwambia, "Usiingie ndani. Chota ukingoni."

"Ukingoni matope, dada."

Na nikamwachia. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Nikisikia anarudi anaimba nyimbo zangu, najifunika kanga usoni. Vuli ikaisha, kiangazi kikaja, maji ya Bichi yakapungua yakawa mazito ya kijani, na bado alikwenda.

Ramadhani iliingia nikiwa hivyo. Mama alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka, na mama zetu wakisuka mikono inakwenda yenyewe, macho yako huru. Akaniita.

"Riziki."

"Abee Mama."

"Leo siku ya ngapi hufungi?"

"Sijui."

"Mie najua. Ya kumi na tatu. Hedhi gani ya siku kumi na tatu?"

Aliendelea kusuka, mistari miwili mitatu, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Kama una jambo, niambie mie kabla hajanambia jirani."

Nikaelewa anachofikiri, kwamba nina mimba. Nilitaka kusema, nikaogopa. Nilikuwa nimeshasema uongo mmoja mbele ya meza na daftari, na nikimwambia Mama moja, yote yatafuata. Siku ya pili akanipeleka kwa Shehe nikaandikiwa kombe la aya, likaoshwa, nikalinywa. Shehe akamwambia, "Bi Mkubwa, huyu mpeleke pia hospitali." Mama akasema inshaallah. Alikuwa anaogopa watakachomwambia huko.

Alianza kunihesabia kila kitu. Nimekula nini, nimekwenda msalani mara ngapi, nimezungumza na nani. Chakula alinitilia kingi kuliko wote, na akanikataza kutoka. Baba akawa hazungumzi, anakuja anakunja bendera zake. Nyumba ilikuwa kimya kama nyumba inayosubiri barua.

Masika yalipoanza tena, siku hiyo Mama alikuwa uani anatia rangi ukili, sufuria kubwa la maji mekundu liko motoni, na majirani wawili wamekaa naye. Hidaya akatoka chooni mbio.

"Mama! Njoo uone! Nimekojoa maji ya ukili!"

Alisema kwa fahari, kama mtu aliyepata mia ya mia. Majirani wakacheka. Mama naye akacheka, akainuka kwenda kuangalia. Alipotoka hakumtazama Hidaya. Alinitazama mie.

"Na weye?"

"Na mie."

"Tangu lini?"

"Tangu vuli, Mama."

Hakupiga kelele. Aliuweka mti wa kukorogea chini, akachukua buibui lake msumarini. Tulikwenda hospitali vile vile, mikono yake ina rangi nyekundu mpaka kwenye vifundo. Hakunawa. Kwenye benchi la kungojea watu walikuwa wanaitazama ile mikono, na yeye ameiweka magotini wazi wazi, kama hanayo habari.

Nikwambie habari ya benchi lile, kwa sababu na wewe utalikalia. Ni refu, la mbao, limechongwa majina na watu waliosubiri zaidi yako. Ukikaa ncha ya kulia unaona mlango wa maabara, ukikaa ya kushoto unaona mlango wa choo. Kaa kushoto. Choo kina komeo linalofunga, na ndani ya choo chenye komeo, peke yangu, hakuna dirisha, hakuna mwalimu, nililijaza kopo kwa mara ya kwanza. Lilitoka kama nilivyojua litatoka. Muuguzi alilipokea akasema, "Ahsante mwanangu," bila kukunja uso hata kidogo. Ile ahsante ningeweza kulala juu yake.

Daktari alitupitishia mashine tumboni, mie na Hidaya. Kwa Hidaya alikaa kidogo. Kwangu aliizungusha, akairudisha, akaizungusha. "Ugonjwa wa huyu mdogo bado mchanga, utaondoka," alimwambia Mama. "Wa huyu umekaa. Umeshakwaruza kibofu. Tutampa dawa, tutaona."

Tutaona. Nimelisikia neno hilo mara tatu sasa.

Dawa inapimwa kwa kijiti. Unasimama wima ukutani, wanaangalia kichwa chako kimefika mstari gani, na mstari ndio unaosema vidonge vingapi. Ni vikubwa na vichungu, lazima ule kwanza. Mama alitununulia mkate na chai ya maziwa. Hidaya alimeza vyote akaomba mkate mwingine. Mie nilivitapika pale pale kwenye benchi, muuguzi akafuta, akangoja, akanipa vingine. Kichwa kilizunguka, tumbo likasokota. Mama alinishika paji la uso kwa ule mkono mwekundu, na tangu Ramadhani ilikuwa mara ya kwanza kunigusa bila kuniuliza kitu.

Hapo ndipo Bi Zuleikha alipoingia na buti zake. Hospitali walimpigia simu, yeye hupigiwa akitokea mgonjwa wa kichocho.

"Shikamoo Bi," nikasema.

"Marahaba. Riziki? Wewe si nimekupima? Ulitoka safi." Akakaa kwenye benchi, akavua miwani. "Daktari anasema umekaa miezi. Basi kipimo changu kiliharibika. Au yule kijana wangu wa maabara." Alikuwa anazungumza na nafsi yake. "Na ripoti nimeshapeleka. Kwa ripoti ile watu wa barabara wameruhusiwa kuacha mashimo wazi njia nzima, mpaka huko juu, upande wa Msuka. Mashimo saba."

Mashimo saba. Nilimwona msichana mmoja kwenye kila shimo, kanga ameifunga juu, anaimba. Niliwaona na wadogo zao, wameshika ndoo.

Nikasema, "Haukuwa wangu."

"Nini?"

"Mkojo, Bi. Kwenye kopo langu. Ulikuwa wa Mkasi."

Mama akasema, "Ya Rabi," akafumba macho.

Muuguzi aliita watu wawili, wakaingia, wakatoka. Halafu Bi Zuleikha akauliza, "Siku ile nani alikuwa mezani?"

"Mwalimu. Na daftari."

"Na madirishani?"

"Wavulana."

"Na makopo yana majina, juani. Nimeyapanga kwa mikono yangu hii."

"Kosa langu, Bi."

"Lako lipo. Langu kubwa zaidi, maana mimi ndiye niliyesomeshwa nisilifanye." Akavaa miwani. "Na wenzako watano?"

Nikasema sijui. Kweli nilikuwa sijui.

Kesho yake Mkasi alikuja kunitazama. Nikamwambia nimemtaja. Nilidhani atanuna. Akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Afadhali. Mie nshaanza kuota makopo."

"Kopo moja tu linakuotesha?"

"Moja!" Akaangalia mlangoni kama Mama hayupo. "Riziki, yalikuwa sita. Manne yangu. Nilikunywa jagi zima, mwisho nkakauka, nkamwita mdogo wangu kutoka darasa la tano akajaza mawili yaliyobaki."

"Sita? Wote?"

"Mmoja mmoja, na kila mmoja ananiapisha nisimwambie mtu. Na weye uliniapisha."

Nilicheka mpaka tumbo likauma, na maumivu yalipokuja nikalia, na Mkasi akalia. Tulikuwa sita majini tunapiga kelele, tunaambiana kila kitu, nani kachumbiwa, nani kafeli. Halafu wote sita tukaogopa kopo, na kila mmoja akadhani ni yeye peke yake.

Safari hii Bi Zuleikha hakwenda skuli. Alikuja kwetu, uani, siku ya kusuka, wakaja wenzangu na mama zao na mafungu yao ya ukili. Makopo yalikuwa na namba tu, yamewekwa nyuma ya pazia, unaingia unachukua, unaacha, unatoka unaendelea kusuka. Mama alikaa mlangoni na hakuna mwanamume aliyepita. Baba aliambiwa atoke, akatoka bila neno, akachukua na bendera yake, na siku ile hakuwa na zamu.

Nilipompelekea chakula mchana nilimkuta Bichi. Amesimama ukingoni, peke yake, bendera nyekundu ameinyoosha. Wanawake wawili walikuja na ndoo, akawatikisia kichwa, wakarudi. Hakunitazama. Alisema tu, "Weka hapo, mwanangu, usisogee majini." Nikaelewa kwamba kama kazi itakwenda, ameshaiacha iende.

Katika makopo sita, mawili yalikuwa safi.

Kazi haikwenda. Injinia alikuja mwenyewe, akaisoma karatasi amesimama. "Nilisema mmoja," akamwambia Bi Zuleikha, "umeniletea ukoo." Lakini hakucheka, na malori yakaja. Siku tatu walimwaga kifusi, wakashindilia, bomba likarudi. Mfereji ulipotoa maji Hidaya aliufungua na kuufunga mpaka akapigwa.

Nisingekuwa mkweli nikiishia hapo. Shimo letu limezibwa, lakini yale saba yako wazi. Bi Zuleikha ameandika kuifuta ripoti yake, ameandika tena, amekwenda na vespa mpaka ofisini na karatasi kifuani. Ruhusa ya kuacha shimo wazi ilitoka kwa siku moja. Ya kuziba inakwenda kwa misimu. Kipupwe nilirudi hospitali, nikasimama kwenye kijiti, nimerefuka mstari mmoja, nikaongezewa kidonge. Hidaya amepona. Kwangu, mashine ilizungushwa, ikarudishwa. Tutaona.

Sala zangu nazilipa. Ustadhati, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, alinieleza taratibu, ile damu haikuwa ya hedhi, kwa hiyo sala zote zile bado ziko shingoni. Nilipojumlisha nilitaka kukaa chini. Lakini kila baada ya adhuhuri, watu wakitoka kwenye mkeka, Mama habanduki. Ananingoja nimalize za kulipa, amekaa nyuma yangu anasuka. Nasikia ukili tu.

Wiki iliyopita Bi Zuleikha alinichukua nyuma ya vespa tukapanda juu, karibu na Msuka, kwenye skuli ambayo shimo lao liko kama letu lilivyokuwa. Njiani niliyahesabu yote, vuli imeyajaza, yanang'aa pembeni ya lami mpya. Lile la mwisho lilikuwa na watoto. Nilimwuliza mmoja wanapaitaje. Akasema, "Bichi."

Bi Zuleikha alinitaka nizungumze na wasichana, kwenye darasa lililofungwa mapazia. Nilisimama. Walikuwa kama ishirini, wananitazama, na sauti yangu ikafanya inavyofanya. Haikuja. Nikaangalia chini. Nikasikia mmoja anamnong'oneza mwenziwe, "Huyu bubu?"

Makopo yalikuwa mezani, yana namba tu. Nikachukua moja. Nikaomba makapeni. Bi Zuleikha alinitazama, akanipa. Nikaandika juu ya namba: Riziki. Nikatoka nalo, nikapita barazani, nikaenda chooni, nikarudi nalo mkononi wazi mbele yao wote, nimelishika kwa mikono miwili, la moto. Sikuitazama rangi yake. Majibu yake yanakuja wiki ijayo, na nitakwenda kuyachukua kwenye lile benchi, ncha ya kushoto. Nikaliweka juu ya meza, jina langu linawaelekea wao.

Nje wale watoto walikuwa wanapiga mbizi, tunawasikia.

Yule aliyesema bubu akainuka. Alikuwa mwembamba, viganja vyake vyeupe. Akafika mezani, akagusa kopo moja kwa kidole, akauliza bila kuniangalia,

"Lazima jina?"

"Si lazima," nikasema, na sauti ikatoka.

Akalichukua.